Matumbawe na Malisho ya Isiolo

Mwanafunzi wa Isiolo ambaye hajapata kuiona bahari huenda akauliza matumbawe yanamhusu nini. Swali ni halali. Lakini mwanafunzi huyo anajua kwamba wazee wa dedha, miongoni mwa Waborana, huyatenga malisho ya kiangazi ili mifugo isiyamalize wakati wa mvua. Wavuvi wa Kuruwitu, huko Kilifi, walifanya vivyo hivyo mwaka 2005: walitenga sehemu ya bahari yao, pasivuliwe kitoweo wala samaki wa mapambo wa kuuziwa wenye matangi ya vioo ng'ambo. Samaki wakarejea.

Hata hivyo, tusidanganyane. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilikuwapo tangu 1968, na bado joto la mwaka 1998 liliyageuza matumbawe yake kuwa meupe, mengi yakafa. Tumbawe ni mnyama. Maji yakizidi joto, huutapika mwani unaolilisha. Marufuku humzuia mvuvi, haizuii joto, kama vile malisho yaliyotengwa yasivyoleta mvua. Hayo twayajua kwa kuwa wataalamu walikuwa wakizamia na kuyapima matumbawe hayo tangu miaka ya 1980. Je, mwalimu mwenzangu, malisho yetu hapa anayapima nani?