Ukishavuka arobaini, kinyozi anakuuzia nini?

Kazi ikiisha, kinyozi wa Gisenyi, Rwanda, hushika kioo kidogo nyuma ya kichwa chako ili ukione kisogo chako kwenye kioo kikubwa cha mbele. Vijana hutupa jicho mara moja, wakaitikia, wakainuka. Sisi tuliovuka arobaini na tano tunakitazama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Mwezi uliopita, katika saluni ndogo ya mtaa wa Majengo, kioo hicho kilinionyesha duara utosini, upana wake kama sarafu ya faranga mia. Nikalipa, nikatoka, nikaanza kupiga hesabu barabarani.

Tuseme unalipa faranga 1,000 kila baada ya wiki mbili. Kwa mwaka ni faranga 26,000, na mwenye kupenda ndevu zichongwe, taulo la moto na kukandwa uso atalipa zaidi. Ukiwa na miaka ishirini huulizi, kwa sababu kichwa kina nywele na harusi za kwenda ni nyingi. Ukishaanza kupungukiwa, swali linakuja lenyewe: ninalipia nywele zipi?

Kwanza tuiondoe imani moja ambayo wengi tulilelewa nayo, kwamba ukinyoa mara kwa mara nywele huota kwa wingi na kwa unene. Unywele unaouona umekufa. Ni nyuzi za protini iitwayo keratini, hazina damu wala mishipa ya fahamu, ndiyo maana mkasi hauumi. Sehemu iliyo hai imo ndani ya ngozi, milimita chache chini, kwenye kifuko ambamo unywele hutengenezwa na kusukumwa juu. Wembe haufiki huko, na kifuko hakina njia ya kujua kwamba juu kumekatwa. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alipima ndevu za wanaume walionyoa chini ya uangalizi, asione tofauti ya unene, rangi wala kasi. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujakatwa huishia na ncha nyembamba kama mkia wa panya. Ukishakatwa, ncha yake ni butu, na kidole kinapopita huhisi ugumu.

Kumbe basi, siku ngapi zipite kati ya kunyolewa na kunyolewa ni suala la mtindo, na hapo hesabu inasaidia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba nywele za Waafrika hukua karibu milimita 8 kwa mwezi, za Wazungu karibu 12. Katika wiki mbili, basi, kichwa chetu huongeza kama milimita 3 na nusu. Aliyenyoa hadi milimita moja na nusu pembeni, ule mtindo wa kufifisha kuelekea masikioni, nywele zake zimezidi mara tatu na mchoro wote umefutika. Aliyeacha sentimita moja na kidogo hajaongeza hata theluthi. Huyu wa pili akienda kila wiki tano au sita, hakuna wa kumnyooshea kidole hata kazini. Ukitaka kupunguza gharama usianze kugombana na kinyozi juu ya bei. Badilisha mkato.

Umri nao una mambo yake. Kila unywele una zamu: hukua miaka kadhaa, husimama wiki chache, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine kushika nafasi. Ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Kwa wanaume wenye asili ya upara, homoni itokanayo na testosteroni huvifinya vifuko vya utosini na vya paji la uso; kila zamu ya kukua inakuwa fupi kuliko iliyopita na unywele unatoka mwembamba zaidi, hadi unabaki manyoya. Kwa wanawake mambo hubadilika karibu na ukomo wa hedhi, kwenye miaka hamsini hivi, estrojeni inaposhuka. Wao mara nyingi hupungukiwa katikati ya kichwa, na nywele za mbele kwenye paji hubaki. Mvi, ambazo Wanyarwanda huziita imvi (jina limevuka lugha bila pasipoti), kwa Waafrika huanza kwa kawaida katikati ya miaka ya arobaini, kama muongo mmoja baada ya Wazungu. Huja pale chembe zinazotia rangi ndani ya kifuko zinapoisha.

Hakuna mkato unaozuia hata moja kati ya mambo hayo. Ila kunyoa fupi kunasaidia macho. Upara huonekana kwa sababu ya tofauti: ngozi inayong'aa katikati, nywele nyeusi zimeuzunguka. Ukizishusha za pembeni, tofauti hupungua na duara hutulia. Hilo ni kweli, na lina thamani yake kwa mtu anayekaa mbele ya wateja siku nzima. Tusiliite tiba tu.

Nchi hii ilijua zamani kwamba nywele hutangaza umri. Wasichana ambao hawajaolewa walinyolewa amasunzu, zile hilali za nywele zilizopindapinda kichwani, na wanaume nao waliyavaa. Msichana akishaolewa aliyaacha, na akijifungua alivaa urugori kuzunguka kichwa. Mwigizaji Lupita Nyong'o alipotokea kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018 na nywele zilizochongwa kwa mfano wa amasunzu, vijana wengi waliudhani ni mtindo mpya. Bibi zao walikuwa wamelipia kazi hiyo kwa kukaa kwenye mkeka na kuinamisha shingo.

Kwa akina mama wa leo hesabu ni nzito kuliko yetu, na hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zinapotea. Mama mwenye nywele za asili atakwambia nywele zake hazikui. Zinakua. Zinakatika ncha kwa kasi ileile ya kuota, kwa sababu unywele uliojikunja hupasuka kila unapopinda na kitana humalizia. Kupunguza ncha kila baada ya miezi mitatu au minne kunazuia mpasuko usipande juu, na gharama yake ni ndogo. Hiyo ninaiunga mkono. Kusuka kwa kubana hadi macho yanavutika ni jambo lingine. Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akichunguza vichwa vya watu wazima wa mji huo, alikuta karibu mwanamke mmoja katika watatu ana upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa, hasa pembeni mwa paji. Mapema hurudi, ukiacha kuvuta. Miaka ikipita, kifuko hugeuka kovu, na kovu haliotishi kitu. Msusi akikuambia uvumilie maumivu ya siku ya kwanza, mwambie afumue.

Dawa ya kunyoosha nywele nayo ina deni lake. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya mazingira nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Miongoni mwa ambao hawakuwahi kutumia dawa hizo, makadirio yalikuwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini mtu anayelipia kila baada ya wiki nane kwa miaka ishirini, na ambaye umri wake sasa ndio umri wa saratani hiyo, ana haki ya kuijua namba hiyo kabla hajafungua pochi. Kanta ya kuficha mvi ni hatari kwa njia nyingine: nyingi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo kwa wengine huvimbisha kope na kuwasha kichwa kizima, wakati mwingine baada ya miaka mingi ya kuitumia bila shida. Tone nyuma ya sikio, siku mbili za kungoja, ndipo upake.

Sasa njoo kwenye mashine yenyewe. Kwenye saluni nyingi za huku utaona kisanduku chenye taa ya buluu kinachohifadhi vifaa. Mteja akikiona huridhika. Mwanga ule huua vijidudu pale tu unapoangukia, na meno ya mashine yakiwa na mafuta na vipande vya nywele, kivuli ni kingi kuliko mwanga. Kinachofanya kazi ni brashi kwanza, kisha spiriti, kisha subira kidogo ikauke. Nilimtazama kinyozi mmoja akiipiga brashi mashine mara tatu, akanyunyiza, akaanza kumnyoa mtu kabla ya pumzi mbili kupita. Spiriti ilikuwa bado inachuruzika shingoni kwa mteja.

Hili linawagusa watu wa umri wetu kuliko watoto wetu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi kwenye chuma kikavu angalau siku 7, na anayenyoa upara hutoka damu asijue; huko Cape Town mashine za vinyozi zilizopimwa zilikutwa na alama za damu. Rwanda iliingiza chanjo ya ugonjwa huo kwa watoto wachanga mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, yaani kila mtu anayesoma makala hii akiwaza mvi zake, amekingwa tu ikiwa alichanjwa ukubwani, dozi tatu. Uliza kwenye kituo cha afya. Na ununue mashine yako, uende nayo saluni kwenye mfuko. Kinyozi mzuri hachukii. Wenye vipele sugu vya kisogoni wamwambie asishuke hadi kwenye ngozi, maana kukwangua ndiko kunakovilea hadi viwe vinundu vigumu.

Mpaka hapa naonekana kama ninayemfukuza kinyozi. Sivyo, na sababu inatoka Los Angeles. Daktari Ronald Victor na wenzake walikwenda kwenye saluni 52 za wanaume weusi wa mji huo, wakawapata wateja 319 wa miaka 35 hadi 79 wenye presha ya juu. Katika saluni za kundi moja, mfamasia alikutana na wateja palepale saluni na kuwaandikia dawa; katika kundi la pili kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa milimita 27 za zebaki katika kundi la kwanza, na 9.3 katika la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wanaume wale kwa kinyozi walikwenda kila baada ya wiki mbili, na walimwamini.

Hapa Gisenyi tunazo saluni za kutosha kwa kazi hiyo, na Kiswahili cha saluni hizo kimeshakolea, kwa kuwa Goma, mji wa Kongo, iko hatua chache ng'ambo ya kituo cha mpakani cha Petite Barrière na mkono wa kinyozi mara nyingi umejifunza kazi upande ule. Kinyozi ndiye mtu pekee anayeuona utosi wako kwa karibu mara ishirini na zaidi kwa mwaka. Huona nywele zinazopukutika ghafla, miezi miwili au mitatu baada ya homa kali. Huona baka linalong'aa katikati ya kichwa cha mama, linalowaka na kutanuka, ambalo huenda ni ule ugonjwa wa makovu unaowapata hasa wanawake weusi wa umri wa kati. Mwaka 2019 wanasayansi walihusisha baadhi ya visa vyake na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3. Huo hauponi kwa mafuta ya nazi. Unahitaji daktari wa ngozi mapema.

Wiki mbili baada ya siku ile ya duara nilirudi Majengo na mashine yangu mkononi. Kioo kidogo kilipopanda, nilimuuliza kinyozi duara lile limeanza lini.

"Iko tangu mwaka jana, papa," alisema, akikung'uta taulo. "Nilikuwa naacha za pale juu ziwe ndefu kidogo, isionekane."

Nikamwambia kuanzia leo azishushe zote sawa, na akiona kitu kipya aniambie siku hiyohiyo. Akacheka, akanitoza bei ileile.