West Point: Msimu ambamo wanafunzi wa kijeshi walitwaa kombe, kisha wakaanguka mbele ya Navy

Kikosi cha mpira wa Kimarekani cha chuo cha kijeshi cha West Point kilicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1890. Kilingoja miaka 134 ili kitwae ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa Ijumaa usiku, tarehe 6 desemba 2024, kiliposhinda Tulane kwa pointi 35-14 katika uwanja wake wa nyumbani, Michie Stadium. Wanafunzi wenzao wakiwa katika sare za kijeshi walishuka kutoka viti vyao na kujaza kiwanja.

Siku nane baadaye, wachezaji haohao walitoka kiwanjani vichwa chini.

West Point ni chuo kinachofundisha maofisa wa jeshi la inchi kavu la Marekani. Kiliundwa mwaka 1802, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa muji wa New York. Serikali ndiyo inalipa masomo. Kwa upande wake, mwanafunzi anayehitimu anapaswa kutumikia jeshi kwa muda usiopungua miaka 5. Anayecheza mpira hasamehewi: ana masomo, gwaride na mafunzo ya kijeshi sawa na wengine.

Hapo ndipo ugumu wa kikosi hiki unapoanza. Tangu mwaka 2021, wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani wanaruhusiwa kupata feza kupitia majina na picha zao katika matangazo ya biashara. Tena wanahama kwa urahisi kutoka chuo kimoja hadi kingine, na vyuo tajiri vinawavuta walio bora. West Point haina nafasi katika soko hilo. Kocha Jeff Monken, aliye hapo tangu mwaka 2014, hanunui mchezaji: anachukua kijana anayekubali maisha ya jeshi, anamlea miaka minne.

Tena kikosi kilikuwa kinatoka mbali. Kwa sehemu kubwa ya historia yake kilicheza bila kuwa katika ligi. Kilijaribu ligi moja kutoka 1998 hadi 2004, na katika jaribio hilo, mwaka 2003, kilipoteza mechi zote 13. Mwaka 2024 kilirudi tena katika ligi, safari hii ile inayoitwa American Athletic Conference.

Kilifanya vizuri tangu mwanzo: mechi tisa, ushindi tisa. Mwanzo wa namna hiyo haukuwa umeonekana hapo tangu mwaka 1996.

Siri yao haikuwa kubwa. Katika mchezo huu, timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ili isogee mbele kwa yadi 10, yaani zaidi kidogo ya metre 9. Ikifaulu, inapewa mengine 4. Vikosi vingi vinarusha mpira mbali. West Point inaukumbatia na kukimbia nao, hatua kwa hatua, dakika baada ya dakika, na adui anabaki kungoja. Katika mechi ya North Texas, tarehe 9 novemba, walishikilia mpira karibu dakika 14 katika shambulio moja tu, mpaka wakafunga. Mechi nzima ina dakika 60. Walishinda 14-3.

Aliyeongoza mashambulizi hayo ni Bryson Daily, kijana kutoka Texas. Yeye alikuwa kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira wa kwanza na kuamua uende wapi. Mara nyingi aliamua kubaki nao. Msimu huo alivuka mstari wa mwisho kwa mbio mara 32, na katika vyuo vikubwa vya inchi nzima hakuna aliyemfikia.

Kipigo cha kwanza kilitoka kwa Notre Dame, tarehe 23 novemba huko New York: 49-14. Lakini kile kilichouma zaidi kilikuja siku ya posho, tarehe 14 desemba, mbele ya Navy, chuo cha jeshi la maji.

Mechi hiyo haihesabiwi katika ligi, hata kama vikosi vyote viwili viko katika ligi moja. Lakini kwa watu wa West Point, ndiyo mechi ya mwaka. Ilikuwa mara ya 125 wanakutana. Blake Horvath, kwotabeki wa Navy, alikimbia zaidi ya yadi 200, na Navy ikashinda 31-13. Kwa desturi, mechi ikiisha vikosi vyote vinasimama pamoja na kuimba nyimbo za vyuo vyao, wa aliyeshindwa ukiwa wa kwanza. Siku hiyo mabingwa wa ligi ndio walioimba kwanza.

Kulibaki mechi moja, Independence Bowl, huko Shreveport, Louisiana. Marshall, mpinzani aliyepangwa, alijitoa: kocha wake alikuwa ameenda kwingine na wachezaji wengi walikuwa wanatafuta vyuo vipya. Louisiana Tech ikachukua nafasi hiyo, na West Point ikaipiga 27-6. Ushindi wa 12 kwa msimu mmoja, jambo ambalo hata vikosi vyake vilivyokuwa mabingwa wa inchi mwaka 1944, 1945 na 1946 havikulifikia.

West Point nayo haikukwepa upepo huo. Mwanafunzi anaweza kuondoka bila deni la utumishi kabla ya kuanza mwaka wa tatu. Kanye Udoh, aliyekimbia zaidi ya yadi 1,000 msimu huo, alihamia Arizona State. Daily alibaki mpaka mwisho, na mwezi wa tano 2025 akahitimu pamoja na wenzake.