Ziada Inaishia kwa Nani? Vikundi, Ushirika na Ushuru Katika Nchi ya Chai

Bonasi inapokaribia kila mwaka, kuanzia Litein hadi Mogogosiek watu huulizana kiwanda kitalipa shilingi ngapi kwa kilo. Ni wachache wanaouliza kwa nini bonasi hutoka kiwandani bila kuguswa na ushuru wa kampuni wa asilimia 30, ilhali mgao wa hisa za mkulima yuleyule hupatikana baada ya ushuru huo, kisha hukatwa asilimia 5 nyingine.

Sababu ni kwamba bonasi ni sehemu ya bei ya majani mabichi, iliyocheleweshwa hadi chai iuzwe. Kwa kiwanda hiyo ni gharama, kama kuni na umeme. Mgao ni faida ya mwenye hisa. KTDA, inayosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo nchini Kenya, ilianzishwa mwaka wa 1964 kama mamlaka ya serikali, ikageuzwa kampuni mwaka wa 2000. Leo inamilikiwa na kampuni za viwanda, nazo zinamilikiwa na wakulima. Kwa hiyo mkulima mmoja huuza majani na pia ana hisa, na sheria ya ushuru humtazama kwa namna mbili.

Nalitaja hilo kwa sababu vikundi vingi vya Kericho na Bomet huchagua aina ya usajili kwa kuangalia wepesi wa fomu. Wangeanza na swali hili: mwaka ukiisha na fedha zimebaki, zinaishia kwa nani?

Zikiishia kwa wanachama wenyewe kulingana na walivyouza au walivyoweka akiba, ushirika ndio unaofaa. Watu 10 wanatosha kuanzisha chama cha msingi, na Sheria ya Ushuru wa Mapato inakiruhusu kuondoa bonasi na mgao kilichotangaza kwa wanachama kabla ya kupigiwa hesabu ya ushuru. Zikiishia kwa wenye mtaji, anzisheni kampuni ya hisa. Kikundi cha jamii, chini ya sheria ya mwaka wa 2022, nacho huhitaji watu wasiopungua 10 na husajiliwa katika afisi ya maendeleo ya jamii. Kinafaa kwa kusaidiana na kwa miradi midogo. Ila cheti chake si msamaha wa ushuru, na nimewasikia viongozi wengi wa vikundi wakidhani ni hivyo.

Zikiishia kwa umma, yaani yatima, wagonjwa au wanafunzi wasio na karo, kuna njia tatu kuu: wakfu unaosimamiwa na wadhamini, kampuni ya dhamana isiyo na hisa, au shirika la manufaa ya umma. Hilo la mwisho linaongozwa na sheria iliyopitishwa mwaka wa 2013 lakini ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na kuiondoa ile ya mashirika yasiyo ya serikali ya mwaka wa 1990.

Usajili wa aina yoyote kati ya hizo hauondoi ushuru wenyewe. Msamaha huombwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, na ukitolewa hudumu miaka mitano. Sheria inataka taasisi iwe ya umma, na iwe imeanzishwa kwa ajili tu ya kuwaondolea watu umaskini au dhiki, au kuendeleza dini au elimu. Msamaha huo ni wa ushuru wa mapato ya taasisi. Mlinzi na muuguzi mliowaajiri bado watakatwa ushuru wa mshahara (PAYE), na ritani ya kila mwaka bado itajazwa.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye biashara. Chukueni mfano wa kikundi kinachootesha miche ya chai na kuiuza ili kulipia watoto karo. Lengo ni elimu, na kila shilingi inafika shuleni. Hata hivyo, faida ya biashara haisamehewi kwa kuwa imetumika vizuri tu. Lazima pia biashara yenyewe iwe sehemu ya utekelezaji wa lengo, au kazi yake ifanywe hasa na wanaosaidiwa, au mapato yawe kodi ya ardhi na majengo. Kitalu kinachohudumiwa na vibarua hakiingii popote hapo. Mauzo yake yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka bila kupita milioni 25, kwa kawaida kitadaiwa asilimia 3 ya mauzo ghafi, kiwe na faida au kisiwe nayo. Wazazi wa watoto hao wakikihudumia wenyewe, hoja ya kuomba msamaha inapata nguvu. Kikundi kikijenga vyumba vya maduka sokoni na kuvipangisha, kodi ya vyumba hivyo inaweza kusamehewa. Ningependa kila kikundi kijue hili kabla ya kununua mche wa kwanza.

Swali hilohilo la ziada sasa linahusu mali kubwa zaidi. Mashamba yaliyokuwa ya James Finlay na ya Lipton yaliuzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na katika mauzo hayo ikatangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zitengewe wenyeji. Katika sheria yetu, kampuni ya Kenya inayodhibiti angalau asilimia 12.5 ya kura za kampuni nyingine haitozwi ushuru kwa mgao inaopokea. Kanuni hiyo imeandikiwa kampuni, kwa hiyo wenyeji wakizishika hisa hizo kupitia wakfu, wadhamini wake wasiichukue kuwa yao bila ushauri wa mtaalamu. Njia yao iliyo wazi ni ule msamaha wa taasisi za umma, na kwa wakfu sheria inataka uwe usioweza kubatilishwa. Hati ikiufunga kwa ukoo mmoja au kwa marafiki wa wadhamini, haitakuwa rahisi kuitetea kama ya umma mbele ya KRA. Hati ya namna hiyo inafaa isomwe barazani Kericho na Bomet, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, pamoja na vifungu vinavyoeleza nani anawateua wadhamini na nani anaweza kuwaondoa.