Nguvu ya Leaf Haimo Kwenye Herufi

"Fundi, hii ni G. Mota yake si kubwa kuliko ya S?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi na watu wa Mombasa wanaotaka kununua Nissan Leaf iliyotumika Japani. Wengine huniuliza wakiwa wameshalipa amana, kwa sababu wameambiwa kwamba herufi ya mwisho ndiyo inayopanga nguvu ya gari. Jibu langu halibadiliki: kutoka S kwenda X hadi G, mota haiongezeki hata kilowati moja.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu pesa zinazotolewa ni za jasho. Mwalimu aliyekopa Sacco na dereva wa teksi aliyechoshwa na bei ya petroli hawana pesa za kununulia herufi. Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi hii niliirithi kwa baba, aliyekuwa akitengeneza dainamo na stata za malori ya bandarini Kilindini. Magari ya umeme yalipoanza kushushwa melini pamoja na Probox na Vitz, niliona sina budi kuyajua hadi ndani. Nataka na msomaji asiye fundi alielewe jambo moja: katika gari la umeme, nguvu haikai ndani ya mota peke yake.

Mazoea ya petroli

Tumezoea magari ambayo bei ikipanda, injini nayo hupanda. Kuna ya cc 1,300, kuna ya 1,500, kuna ya 1,800, na kila moja ni chuma tofauti chini ya boneti. Mnunuzi huyabeba mazoea hayo hadi kwenye Leaf, na hapo ndipo anapopotea.

Leaf ya kizazi cha pili ilianza kuuzwa Japani Oktoba 2017. S, X na G zote zilikuja na betri ya kilowati-saa 40, na zote zina mota ya kilowati 110 yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 320. Herufi zinapanga vifaa na starehe. G huja na rimu za aloi za inchi 17, taa za LED na ProPILOT, mfumo unaomsaidia dereva kukaa ndani ya mstari na kulifuata gari la mbele. S ina rimu za chuma za inchi 16 na vifaa vichache. Hata Leaf ya NISMO iliyotoka 2018, yenye mapambo mekundu ya kimichezo, ina kilowati 110 zilezile. Zilizoguswa ni sehemu kama springi, matairi, usukani na namna kompyuta inavyouitikia mguu wa dereva.

Usiichanganye herufi hii na gredi ya mnada pia. Karatasi ya mnada wa Japani ikiandikwa 4 au 4.5, hiyo inaeleza hali ya bodi na ndani ya gari. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa mota.

Mota iliyodumu vizazi viwili

Nguvu ya Leaf imebadilika kwa miaka, na mabadiliko hayo husomeka vizuri ukijua misimbo michache inayotangulia namba ya chesisi.

Leaf ya kwanza, iliyotoka Desemba 2010, ina msimbo ZE0. Mota yake inaitwa EM61: kilowati 80, nyutoni-mita 280. Mwishoni mwa 2012 ikaja AZE0 yenye mota mpya, EM57. Kilowati zilibaki 80, lakini nguvu ya kuzungusha ilishuka hadi nyutoni-mita 254. Mtu akisoma karatasi tu atadhani gari limedhoofishwa. Kwa kweli gari lote lilipunguzwa uzito wa takriban kilo 80, na uwiano wa gia ukapandishwa kutoka 7.94 hadi 8.19, kwa hiyo magurudumu yakapata msaada zaidi kutoka kwa kila nyutoni-mita ya mota. Nissan pia ilipunguza kwa asilimia 40 matumizi ya disprosiamu, madini adimu na ghali yanayozisaidia sumaku za mota kuvumilia joto.

Kisha 2017 ikaja ZE1 yenye kilowati 110, na 2019 ikaja Leaf e+ yenye kilowati 160. Hapa ndipo nawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa sababu magari haya matatu, AZE0 ya kilowati 80, ZE1 ya 110 na e+ ya 160, yote yana mota yenye jina moja: EM57. Inawezekanaje mota ya familia moja itoe nguvu maradufu?

Inawezekana kwa sababu mota hula inachopewa. Betri hutoa umeme wa moja kwa moja, na mota inataka umeme wa kupishana wa njia tatu. Kati yao kuna kifaa kinachoitwa inveta, kinachokata na kuunga umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde. Inveta ndiyo inayopima ni ampea ngapi ziingie kwenye nyaya za mota. Ikiimarishwa, na kompyuta yake ikaruhusiwa kupitisha zaidi, mota inatoa zaidi, hadi pale joto litakaposema basi. Huko Ulaya wako wapenzi wa Leaf waliofunga inveta ya ZE1 kwenye AZE0 ya zamani bila kubadilisha mota, na gari likaongeza nguvu.

Hesabu ya seli

Lakini inveta haiwezi kupitisha umeme ambao betri haina uwezo wa kuutoa. Tupige hesabu, maana hapa ndipo siri ya e+ ilipo.

Betri ya kilowati-saa 40 ina seli 192, zilizopangwa mbilimbili katika hatua 96. Volti zake za kawaida ni 350. Ili mota itoe kilowati 110, tukiacha kinachopotea njiani kama joto, betri lazima itoe ampea 314 hivi. Kwa kuwa seli mbili zinagawana mzigo, kila moja inabeba ampea 157.

Betri ya e+ ni ya kilowati-saa 62 na ina seli 288, zilizopangwa tatutatu katika hatua zilezile 96, kwa hiyo volti ni zilezile 350. Kilowati 160 zinahitaji ampea 457 hivi. Zigawe kwa seli tatu: kila moja inabeba ampea 152.

Zitazame namba hizo mbili, 157 na 152. Seli ya e+ haifanyi kazi kubwa kuliko ya Leaf ya kawaida. Ni kama mahamali wa bandarini: gunia linalowaelemea wawili, watatu wanalibeba wakiongea. Kilowati 50 za ziada za e+ zinatokana na betri yenye seli nyingi zaidi na inveta inayoruhusu umeme huo upite. Ndiyo sababu Nissan haikuuza e+ yenye betri ndogo. Nguvu na betri vilikuja pamoja kwa sababu haviachani.

Tofauti unaisikia wapi?

Swali linalofuata huwa ni: basi nitafute e+? Inategemea njia zako.

Nguvu ya kuzungusha ya e+ ni nyutoni-mita 340. Imezidi ya kawaida kwa 20 tu, ilhali gari lenyewe ni zito zaidi kwa takriban kilo 150. Leaf ya kawaida inashikilia nyutoni-mita 320 zake tangu inapoanza kutembea hadi mota ifike mizunguko 3,283 kwa dakika. Kwa uwiano wa gia na matairi yake, hiyo ni kasi ya kilomita 48 hivi kwa saa. Kuanzia hapo kilowati 110 zimefika kikomo, na mvuto unapungua kadiri kasi inavyoongezeka. E+ inazishikilia nyutoni-mita 340 zake hadi mizunguko 4,000, kisha kilowati zake zinaendelea kupanda hadi 160.

Maana yake ni hii. Kutoka Buxton hadi Nyali, kwenye msongamano wa tuktuk na matatu, hutaiona tofauti. Magari yote mawili huondoka kwenye mzunguko kwa wepesi unaowashangaza waliozoea petroli. Tofauti inajitokeza Mariakani kwenda juu, ukiwa na abiria wanne nyuma ya lori la kontena, umepata nafasi fupi ya kulipita ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa. Hapo kilowati 50 za ziada ni usalama wa familia yako, na ninaziheshimu.

Pamoja na hayo, e+ husafiri mbali zaidi kwa chaji moja: kilomita 385 kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP, dhidi ya 270 za betri ya 40. Vipimo hivyo ni vya magari mapya. Nairobi iko karibu kilomita 480 kutoka hapa, na njia nzima inapanda hadi zaidi ya mita 1,600. Hakuna Leaf kati ya hizo mbili itakayokufikisha bila kuchaji njiani. Anayezunguka mjini atosheke na ya kilowati 110. Anayepanda Voi mara kwa mara ana sababu ya kuongeza pesa.

Si Nissan peke yake

Utaratibu huu utaukuta kwa wengine pia. Hyundai Kona ya umeme ya kizazi cha kwanza iliuzwa na betri ya kilowati-saa 39 ikitoa kilowati 100, na ya 64 ikitoa kilowati 150. Nguvu ya kuzungusha ilikuwa nyutoni-mita 395 kwa zote mbili. Tesla ilikwenda mbali zaidi: Desemba 2019 ilianza kuwauzia wenye Model 3 ya mota mbili programu ya dola 2,000 inayoshusha muda wa kufika kilomita 96 kwa saa kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9. Hakuna boliti iliyolegezwa. Nguvu ilikuwamo tangu kiwandani, imefungiwa na programu.

Kuna pia magari ambayo mota yenyewe hutofautiana. BYD Dolphin inayouzwa Ulaya ina toleo la kilowati 70 na nyutoni-mita 180, na toleo la kilowati 150 na nyutoni-mita 310. Hapo jina la toleo lina maana kubwa. Kwa hiyo usichukue sheria ya gari moja ukaipachika kwa jingine. Omba namba za gari lile lile unalolinunua.

Kabla hujalipa

Kwa Leaf, fanya hivi. Tazama msimbo wa chesisi ujue kizazi, lakini kumbuka kwamba e+ na ya kawaida zote ni ZE1. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa betri kwenye karatasi za Japani: 40, au 62, ambayo Nissan baadaye iliiandika 60. E+ ina pia alama yake kwenye kifuniko cha kuchajia na ukanda wa samawati chini ya bampa la mbele.

Halafu pima afya ya betri, kwa sababu kilowati za kwenye karatasi ni za gari jipya. Dashibodi ina vipande 12 vya uwezo wa betri, hesabu vilivyobaki. Lete fundi mwenye kifaa cha OBD na programu ya LeafSpy akusomee hali ya seli zote. Betri ya Leaf hizi haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto la pwani yetu haliihurumii. Iliyochoka hutoa ampea chache, na chaji ikishuka sana huwaka taa ya kobe, kompyuta ikiibana mota ili kuilinda betri. Wakati huo hata e+ itatambaa.

Ndugu msomaji, ukienda yadi uliza mambo matatu: mota ina kilowati ngapi, betri ina kilowati-saa ngapi, na afya yake imebaki asilimia ngapi. Muuzaji asiyeweza kukujibu hayo matatu, usimlipe hata amana. Herufi ya G lipia kama unazitaka taa na rimu zake. Nguvu lipia pale tu namba zinapoithibitisha.