Kifua Kikuu Kinapona: Tusimkatishe Mgonjwa Tamaa

Ndugu msomaji, mgonjwa akiambiwa kila siku kwamba amekwisha, mwishowe huamini. Akishaamini, haoni tena sababu ya kumeza dawa. Leo tuzungumze juu ya jambo hili. Nitachukua ugonjwa mmoja tu, yaani kifua kikuu. Nimeuchagua kwa sababu unapona, na kwa sababu watu wengi bado wanasema hauponi.

Maneno hayo yametoka wapi? Zamani yalikuwa na ukweli. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amegundua kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Lakini dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Kabla ya hapo mgonjwa alipewa kitanda, chakula na hewa safi, na wengi walikufa. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho yao, wakatusimulia. Sasa dawa ipo, na katika zahanati na hospitali za serikali hutolewa bure. Lakini maneno ya zamani bado yapo midomoni mwetu.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4, zilizochanganywa katika kidonge kimoja. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mwili wake. Miezi 4 inayofuata dawa hupungua, zikabaki aina 2. Dawa humezwa kila siku. Mgonjwa huchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia, ambaye humwona akimeza na kuweka alama kwenye kadi.

Sasa, moja ya dawa hizo hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa au nyekundu. Mzee mmoja wa huku kwetu aliuona mkojo wake siku ya pili, akamwambia mkewe, "Natoa damu. Siku zangu zimefika." Majirani waliokuja kumpa pole wakakubaliana naye. Mmoja akauliza shamba la migomba litabaki kwa nani. Hebu fikiri! Mtu bado amekaa kitini, na shamba lake limeshaanza kugawanywa.

Bahati njema mkewe alikuja zahanati. "Mganga, mwanangu," akasema, "hiyo dawa inamuua mzee." Nikamjibu, "Shikamoo mama. Ile si damu, ni rangi ya kidonge. Ukiiona ujue dawa imeingia mwilini." Alicheka hadi akashika ukuta. Kesho yake mzee aliendelea na dawa. Tangu siku ile, mgonjwa mpya nampa habari ya mkojo kabla ya kumpa kidonge cha kwanza. Macho yakiwa manjano ni jambo jingine. Hapo mgonjwa aje zahanati siku ile ile, asingoje.

Kumtia mtu moyo si kumdanganya. Ukimwambia, "Huna ugonjwa wowote, wewe ni mzima," humsaidii. Tena iko hatari nyingine. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi huisha, mwili hunenepa, na mgonjwa hurudi shamba. Hapo husema, "Nimepona, dawa za nini?" Akiacha, vijidudu vilivyobaki huamka tena, na safari hii huenda vikawa sugu, dawa za kawaida zisiviweze. Mimi naona huyu ana hatari kama yule aliyekata tamaa. Wote wawili wameacha dawa.

Basi mtie mgonjwa moyo kwa mambo ya kweli. Mhesabie siku zilizokwisha katika kadi. Akipimwa zahanati akaonekana ameongeza kilo moja, waambie watoto wasikie. Mwulize shauri la mbegu, la ng'ombe, la ada ya kijana, ili aone bado ni mtu wa nyumba hiyo. Mle pamoja. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kwa kikombe, bali kwa hewa anayoikohoa mgonjwa. Afunike mdomo akikohoa, na madirisha yawe wazi. Kwa kawaida, akimeza dawa vizuri kwa wiki chache, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana. Chakula ni kile mlicho nacho: ugali, maharage, dagaa, mchicha. Pombe aiache, kwa maana pombe na dawa hizi zote huelemea ini.

Lakini kama mgonjwa halali usiku, hataki kula, haongei, au anasema afadhali afe, usimgombeze kwamba ajichangamshe. Huzuni ya namna hiyo nayo ni ugonjwa. Mleteni zahanati tumsikilize.

Yupo daktari mmoja ambaye habari zake napenda kuwasimulia wagonjwa. Jina lake ni Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Wakati wa vita kuu ya pili alifungwa katika kambi ya Wajerumani, na huko akaugua kifua kikuu. Hakufa. Alisoma udaktari, akajitolea maisha yake kupambana na ugonjwa uleule. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, naye alisaidia kuujenga. Waliweka daftari la kila mgonjwa, wakapima makohozi, wakahakikisha dawa haikosekani na mgonjwa hapotei njiani. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi nyingine zifuate njia hiyo. Kwa hiyo kadi hii tunayoiwekea alama vijijini ina historia kubwa.

Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, njoo upimwe makohozi. Usingoje kukonda. Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi nyumba moja na mgonjwa aletwe, hata kama hakohoi, kwani iko dawa ya kumkinga. Mje naye asubuhi, pamoja na kadi yake ya kliniki.