Kabali: Ujuzi wa kukaba, kujinasua na kujua wakati wa kusalimu amri

NENO 'ngeta' halihitaji kufafanuliwa kwa mkazi wa Nairobi. Ni ule mkono unaochomoza gizani nyuma ya mpita njia, ukamzunguka shingoni, na kabla hajapata nafasi ya kupiga ukemi, yu chini, mifuko imepekuliwa na simu haipo. Majirani zetu wa Tanzania huiita roba, nazo kamusi zimehifadhi neno kongwe zaidi: kabali.

Wasichokijua wengi ni kwamba mbinu iyo hiyo inayotumiwa na wahalifu vichochoroni ni somo linalofundishwa kwa utaratibu kumbini na kushindaniwa mbele ya waamuzi. Katika mieleka ya kusalimishana, mshindi hapatikani kwa kumbwaga mwenziwe tu, bali kwa kumbana hadi akiri kwamba ameshindwa. Ama atakipinda kiungo chake, ama ataikaba shingo yake.

Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili. Yanaeleza jinsi kabali inavyofanya kazi, jinsi ya kujinasua, na ni kipi hasa kinachotenganisha mchezo na mauti.

Kutoka Tokyo hadi Abu Dhabi

Chimbuko la kabali za kisasa ni Japani. Jigoro Kano alipoanzisha judo jijini Tokyo mwaka wa 1882, alizichuja mbinu za kale za jujutsu, akaziacha zile zilizokuwa hatari mno kwa mazoezi ya kila siku. Kabali hazikuachwa. Kano aliona kwamba zinaweza kufanyiwa mazoezi kwa nguvu kamili pasipo kumvunja mtu mfupa, almuradi anayekaba aachilie kwa wakati.

Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, aliwasili Brazil mwaka wa 1914. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie, naye Carlos akawarithisha ndugu zake ujuzi huo, akiwemo Helio aliyekuwa na umbo dogo. Familia hiyo ilikuza mtindo wa kupigania chini, ambapo mtu mwembamba huweza kumshinda pandikizi la mtu kwa kutumia pembe na mwegemeo badala ya misuli.

Dunia ilishuhudia hayo Novemba 12, 1993 jijini Denver, Marekani, katika mashindano ya kwanza ya UFC. Royce Gracie, mwana wa Helio, mwenye uzani wa takriban kilo 80, aliwashinda wapinzani watatu katika usiku mmoja. Wawili wa mwisho, Ken Shamrock na Gerard Gordeau, walisalimu amri kwa kabali. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1998, mashindano ya ADCC yaliasisiwa Abu Dhabi kwa ajili ya mieleka isiyotumia joho la judo. Pasipo joho hakuna ukosi wa kushikilia, kwa hivyo mchezaji hukaba kwa mikono na miguu yake tu.

Damu au hewa?

Wengi hudhani kwamba anayekabwa huzimia kwa kukosa pumzi. Sivyo ilivyo mara nyingi.

Shingo ina njia mbili muhimu. Mbele kuna bomba la hewa, linalolindwa na zoloto. Kandoni, kushoto na kulia, kuna mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Mishipa hiyo ikibanwa sawasawa pande zote mbili, mtu anaweza kuzimia katika muda wa sekunde 10 hivi, hata kama mapafu yake yamejaa hewa.

Kabali ya damu, basi, ni ya haraka na aghalabu haina maumivu makali. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa sababu maumivu hayaji kumwonya anayekabwa. Kabali ya hewa ni kinyume chake. Huuma, humfanya mtu atapetape kwa hofu, huchukua muda mrefu zaidi na inaweza kuvunja zoloto. Ndiyo maana walimu wazuri huwafunza wanafunzi wao kubana kandoni mwa shingo, wala si kuliponda koo.

Kabali ya nyuma

Hii ndiyo pacha wa ngeta. Mkabaji humpanda mwenziwe mgongoni, akaingiza miguu yake katikati ya mapaja ya yule aliyetangulia mbele. Mkono mmoja huzunguka shingo hadi kiwiko kikawa chini ya kidevu. Kiganja cha mkono huo hushika msuli wa mkono wa pili, nao mkono wa pili hujificha kisogoni. Mkabaji akivuta pumzi na kutanua kifua, shingo hubanwa kwa pande zote mbili kama koleo.

Kinga huanza kabla mkono haujapita. Anayeshambuliwa huinamisha kidevu, akapandisha mabega, kisha akatumia mikono yake miwili dhidi ya mmoja: aukamate mkono unaokaba na kuuvuta chini kifuani. Kuinamisha kidevu peke yake hakutoshi, kwani mkabaji stadi atabana taya hadi mtu akiinue mwenyewe kwa maumivu.

Ikiwa kabali imekwisha fungwa, adui wa kwanza si ule mkono ulio kooni bali ule uliojificha kisogoni. Huo ndio kufuli, na ndio dhaifu zaidi. Ukiuchomoa na kuupitisha juu ya kichwa, nguvu za kabali hupungua. Kisha mtu hujisogeza chini, akatafuta kuweka mabega yake sakafuni, akajinasua kutoka miguu ya mwenziwe na kumgeukia uso kwa uso.

Gilotini

Kabali hii imepewa jina la mashine iliyotumiwa Ufaransa kukata vichwa vya waliohukumiwa. Huja kwa mbele. Mara nyingi humpata yule anayejitosa kuikamata miguu ya mwenziwe huku ameinamisha kichwa. Mkabaji hukifumbata kichwa hicho kwapani, akapitisha kigasha chini ya koo, akaunganisha mikono na kuinua.

Dawa yake ya kwanza ni kuinua uso na kuunyoosha mgongo. Ya pili ni kukamata kiganja kinachokaba na kukivuta, huku mkono wa pili ukirushwa juu ya bega la mkabaji ili asipate nafasi ya kuinua. Wakiwa chini, anayekabwa hukimbilia upande ulio mkabala na ule ambako kichwa chake kimefungwa, kisha akakandamiza kwa bega.

Kuna funzo zuri hapa. Mkabaji mkaidi anayekataa kuachilia gilotini iliyokwisha kuharibika hujitia kitanzi mwenyewe, kwa sababu lile bega linalomkandamiza huweza kuibana shingo yake. Mwaka wa 2006 Mmarekani Jason Von Flue alimzimisha mpinzani wake kwa njia hiyo, na tangu siku hiyo mbinu hiyo hujulikana kwa jina lake.

Pembetatu

Wahenga walinena kwamba aliye juu mngoje chini. Hakuna kabali inayothibitisha msemo huo kama pembetatu. Aliyelala chali huizungusha miguu yake shingoni mwa aliye juu, pamoja na mkono mmoja wa mpinzani huyo. Wayo wa mguu mmoja hufungwa nyuma ya goti la mwingine. Paja hubana upande mmoja wa shingo, na bega la aliyenaswa lenyewe hubana upande wa pili.

Desemba 16, 1994, huko Tulsa, Marekani, Royce Gracie alilaliwa kwa takriban dakika 15 na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzani kwa zaidi ya kilo 30. Watazamaji wengi waliamini kwamba Gracie amekwisha. Ghafla miguu yake ilifunga pembetatu, naye Severn akasalimu amri.

Kinga ya pembetatu ni kanuni moja rahisi: mikono yote miwili iwe ndani, au yote iwe nje. Hatari huanza pale mmoja unapobaki ndani na mwingine nje. Anayejikuta katika hali hiyo hana budi kuunyoosha mgongo upesi, kuinua kichwa, na kumkunja mwenziwe kwa kusukuma magoti yake kuelekea usoni mwake kabla miguu haijafungwa sawasawa. Pembetatu inayofungwa kwa mikono nayo ina kinga ya aina hiyo. Mtu huinua mkono ulionaswa na kuweka kiganja sikioni, kama anayejibu simu, ili apate mwanya wa damu kupita.

Ufa na ukuta

Ukitazama mbinu hizi zote, utagundua kwamba zinafuata mantiki moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujinasua kabla mikono haijaunganishwa huhitaji nguvu kidogo, kukishaunganishwa huhitaji nyingi, na baada ya mbano kukaza, zimebaki sekunde chache mno. Mchezaji mahiri si yule anayejua njia nyingi za kutoka, bali yule anayeitambua kabali ingali mbali.

Ukuta ukishindikana, imebaki kinga moja tu: kugonga. Anayekabwa humpiga mwenziwe makofi mepesi mara mbili au tatu mwilini, au akagonga sakafu, au akasema kwa sauti kwamba amekubali. Papo hapo mkabaji huachilia. Huu ndio mkataba unaoubeba mchezo mzima.

Hata mabingwa wamelipia kuchelewa. Katika mashindano ya ADCC ya mwaka wa 2003 jijini São Paulo, Vitor Ribeiro, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji walioogopwa sana wa kizazi chake, alizimishwa na kijana Marcelo Garcia ambaye wengi hawakuwa wakimjua. Kabali ya nyuma ilimpitia kabla hajagonga.

Kwa kawaida aliyezimia hupata fahamu sekunde chache baada ya kuachiliwa. Alazwe kwa ubavu, atazamwe iwapo anapumua, na asirudi mazoezini siku hiyo. Asipozinduka upesi, aitiwe msaada wa daktari mara moja. Vilevile, yeyote ambaye baadaye analalamikia maumivu makali ya shingo au kichwa, macho kutoona vyema, ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au shida ya kumeza, apelekwe hospitalini bila kusubiri kukuche. Ni nadra, lakini ukuta wa mshipa wa damu unaweza kupasuka kwa ndani na kuleta kiharusi.

Haya ni muhimu kwa vijana wetu, ambao siku hizi hutazama mbinu hizi kwenye simu na kuzijaribu uwanjani bila mwalimu. Wanaiona kabali, lakini hawauoni mkataba. Mtoto anayemkaba mwenziwe kwa mzaha hajui maana ya sekunde 10, wala yule anayekabwa hajafunzwa kugonga.

Nje ya ukumbi mkataba huo haupo kabisa. Julai 17, 2014, New York, Eric Garner alifariki baada ya afisa wa polisi kumzungushia mkono shingoni. Alisema mara kadhaa kwamba hawezi kupumua, lakini hakuachiliwa. Uchunguzi wa maiti ulitaja kubanwa kwa shingo na kifua miongoni mwa sababu za kifo chake. Mbinu ilikuwa ni ile ile ya mkekani, ila aliyelalama hakusikilizwa.

Na mpiga ngeta wa Nairobi? Yeye pia hana mkataba na mtu. Mafunzo ya kabali yanaweza kumpa mtu utulivu wa kuinamisha kidevu na kuuvuta ule mkono chini apate pumzi ya kukimbia. Lakini mhalifu huyo aghalabu huwa na wenzake, na pengine kisu. Mkekani mpinzani ni mmoja, mikono yake inaonekana, na yupo mwamuzi. Anayedai simu apewe simu.

Mwanafunzi anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza hutarajia kufundishwa kukaba. Mwalimu anayestahili jina hilo humwanzisha kwingine. Humwonyesha jinsi ya kugonga, na jinsi ya kuachilia pindi anapogongwa. Akishayashika hayo mawili, shingo ya mwenziwe ipo salama mikononi mwake.