Mraibu Hutibiwa kwa Kazi Pia

Suratul Maida, aya ya 90, yatuamrisha kujiepusha na ulevi. Je, aliyekwisha kunaswa tumfanyeje?

Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Dawa hiyo hutuliza arosto, lakini haiijazi siku. Asiye na shughuli hurudi kijiweni. Hapo mtaalamu wa tiba kwa vitendo humsaidia kuipanga siku upya: kuamka, kuoga, kupika, kulima, kushona, kutunza fedha. Huanzishiwa kazi ndogo, kisha kubwa, mpaka aaminike tena.

Basi akirudi nyumbani tusimfungie mlango. Tumpe salamu, jembe na zamu ya kufagia msikiti. Swala tano nazo zitampangia saa zake, inshaallah.